Kuendesha Gari Wakati wa Mvua Kubwa, Matope na Ukungu

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini madereva hujitayarisha kwa majira ya baridi kama vile mkulima wa Nyeri ajitayarishavyo kwa masika. Mwezi wa Oktoba au Novemba tairi za kiangazi huondolewa, zikatiwa tairi nyingine za mpira laini wenye mikato mingi, kwa kuwa mpira wa kawaida hukakamaa penye baridi kali na kushindwa kushika barabara. Nchini Ujerumani sheria imeagiza jambo hilo tangu mwaka 2010: barabara ikiwa na theluji au barafu, gari lisilo na tairi za kufaa haliruhusiwi kupita. Dereva wa huko huweka garini koleo, blanketi, chakula na mchanga kidogo, na hakuna amchekaye.

Kenya haina majira ya namna hiyo. Theluji yake iko kileleni mwa Mlima Kenya, mahali pasipofika motokaa. Ni kweli kwamba Kericho na Nandi ni miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe kwa siku nyingi sana kwa mwaka, na mwezi wa Septemba 2008 mawe hayo yalianguka kwa wingi karibu na Nyahururu hata kilima kizima kikawa cheupe, watu wakaenda kukitazama wakidhani ni theluji. Lakini hayo ni mambo ya ajabu, si mambo ya kila siku. Majira magumu ya dereva wa Kenya ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kisha vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Na katikati yake ile miezi ya baridi na ukungu, Juni hadi Agosti, ambayo watu wa nyanda za juu waijua vizuri. Dereva wa Ulaya huogopa barafu kwa sababu aiona. Dereva wa hapa huyazoea maji na matope tangu utotoni, na mazoea hayo ndiyo humponza.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini gari huserereka. Gari zima, hata lori la tani 20, hushika barabara kwa sehemu ndogo tu ya kila tairi, isiyozidi sana upana wa kiganja cha mkono. Kwenda, kupinda na kusimama, kazi zote tatu hufanywa na sehemu hizo ndogo. Barabara ikiwa kavu hapana shida. Barabara ikilowa, maji huingia kati ya mpira na lami, na ni lazima tairi iyafukuze kwa njia ya mikato yake kabla haijaigusa lami yenyewe. Hesabu yake si ngumu. Tairi yenye upana wa sentimita 15, ikipita katika maji ya kina cha milimita 2 tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yapaswa kuondoa zaidi ya lita 6 za maji kila sekunde. Ni kama kumwaga ndoo nzima kila baada ya sekunde tatu, na kila tairi hufanya kazi hiyo peke yake. Tairi iliyokwisha mikato, ile ambayo watu huisifu kuwa bado ina nguvu kwa sababu haijatoboka, haiwezi. Hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na hapo usukani huwa mwepesi ghafula mikononi mwa dereva. Wepesi huo si dalili njema, bali ni kwamba magurudumu ya mbele hayagusi tena chini. Sheria ya Uingereza hudai mikato isiyopungua milimita 1.6, na watengenezaji wengi wa tairi hushauri kuzibadili kabla hazijafika hapo.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ina hatari yake mbali. Kwa miezi miwili au mitatu mafuta ya magari, vumbi na chembe za mpira vimekuwa vikijikusanya juu ya lami. Manyunyu ya dakika chache huvichanganya vyote vikawa utelezi kama wa sabuni, na utelezi huo haiondoki mpaka mvua inyeshe kwa nguvu na kuuosha. Wengi hupunguza mwendo katika mvua kubwa kwa kuwa hawaoni mbele, wala hawapunguzi katika manyunyu. Lakini manyunyu ya siku ile ya kwanza huwaangusha watu wengi wa pikipiki, ambao wana magurudumu mawili tu ya kuwategemea.

Vitabu vya madereva vya Uingereza husema kwamba gari dogo likienda kilomita 80 kwa saa juu ya lami kavu huhitaji mita 53 kabla halijasimama kabisa, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira. Mita 15 kati ya hizo hupita hata kabla mguu haujaigusa breki, dereva anapokuwa bado akifikiri. Barabara ikilowa, hesabu hiyo huzidishwa kwa mbili au zaidi. Penye barafu huweza kuzidishwa hata kwa kumi. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: ukipunguza mwendo kwa nusu, kutoka 80 hadi 40, urefu wa kufunga breki haupungui kwa nusu bali hubaki robo tu. Kwa sababu hiyo dereva apunguzaye mwendo kidogo hufaidi sana, na yule aongezaye kidogo hupoteza sana. Magari ya abiria yamewekewa mpaka wa kilomita 80 kwa saa, lakini mpaka huo ni wa barabara iliyo njema na siku iliyo njema. Haukusemwa kuwa ni mwendo wa kushikwa siku zote.

Sasa tuyatazame matope, kwa maana nje ya barabara kuu ndiko wakaako watu wengi. Matope si ya namna moja. Udongo mwekundu wa Murang'a, Kiambu na Meru huteleza juu, lakini chini yake mara nyingi ni mgumu. Gari hushindwa kupanda kilima kwa sababu tairi zimepakwa matope mepesi kama samli, si kwa sababu limezama. Udongo mweusi wa nyika za Athi, wa Mwea na wa Kano ni mwingine kabisa. Huo hunywa maji ukavimba, ukawa kama gundi. Hushikamana na tairi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linakwama chini ya bawa la gari, na gari likisimama ndani yake huanza kuzama polepole. Penye udongo mwekundu dereva aweza kujaribu. Penye udongo mweusi, mvua ikiwa imekwisha kunyesha saa nzima, heri asubiri jua, au azunguke kwa njia nyingine hata ikiwa ndefu mara mbili.

Aingiaye matopeni yampasa achague gia kabla ya kuingia, si katikati. Gia ya pili yafaa kwa magari mengi. Kisha aende kwa mwendo mmoja usiobadilika, bila kukanyaga mafuta kwa pupa na bila kugusa breki. Gurudumu likianza kuzunguka mahali pamoja, kuongeza mafuta ni kuchimba shimo. Ni afadhali kuachia, kurudi nyuma kidogo katika alama zilezile za tairi, na kuja tena. Likiisha kukwama, kazi ni ya jembe na majani. Ondoa tope mbele ya magurudumu yote yanayoendesha, weka matawi, mawe madogo au magunia, kisha jaribu polepole. Minyororo ya tairi husaidia sana, lakini ifungwe kabla ya kufika mahali pabaya, kwa kuwa hakuna kazi chafu kama kuifunga gari likiwa limezama hadi ekseli. Na wale wasukumao wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka, wala mbele ya gari lielekealo mtaroni. Watu wamevunjwa miguu kwa kazi hiyo ya wema.

Haifai mtu ajidhanie mkuu kuliko matope. Yale mashindano ya magari yaitwayo Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa yakifanywa siku za Pasaka, mvua zinapokuwa zimeshika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii pia yakarudi 7. Wengine wote, pamoja na madereva waliokuja kutoka Ulaya na sifa zao, walibaki njiani, wengi wao katika matope na mito.

Gari likianza kuserereka, mambo mawili humjia dereva moyoni, na yote mawili ni mabaya: kukanyaga breki kwa nguvu na kuzungusha usukani upande wa pili kwa hofu. Gurudumu lililofungwa na breki huteleza tu, haliwezi kupinda. Ondoa mguu kwenye mafuta. Ikiwa ni mkia wa gari unaokwenda kando, elekeza magurudumu ya mbele upande uleule ambao mkia unakwenda, kwa upole, na mara gari linaponyoka unyooshe usukani. Magari ya siku hizi mengi yana chombo kizuiacho magurudumu yasifungwe. Katika gari la namna hiyo, likitaka kusimamishwa kwa haraka, dereva akanyage breki kwa nguvu na asiachie, hata akisikia mtetemeko mguuni, kwa kuwa mtetemeko huo ndio kazi ya chombo. Katika gari la zamani lisilo nacho, breki hukanyagwa na kuachiwa, hukanyagwa na kuachiwa. Basi ni wajibu wa kila dereva kujua gari lake ni la namna gani kabla ya siku ya haja.

Mteremkoni wazee wa kazi hii wana kanuni yao: shuka kwa gia ile ambayo ungepandia. Ile barabara ya zamani iteremkayo bondeni hadi Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu vya Pili, ni nyembamba, ina kona nyingi, na malori hayakosi. Dereva ambaye hushuka huko akiwa ameitoa gia ili aokoe mafuta huzitegemea breki peke yake. Breki zikipata moto hulegea, na lami iliyolowa haimsaidii. Mafuta anayookoa hayafiki thamani ya kikombe cha chai.

Hayo yote ni mazito, lakini yanayoua watu wengi kwa mara moja ni maji ya mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa limechukua wanakwaya na watu wengine waendao arusini lilifika mto Enziu, karibu na mji wa Mwingi katika Kitui. Maji yalikuwa yakipita juu ya daraja. Watu wengi walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi likaingia, likaenda mwendo kidogo, kisha nguvu ya maji ikalisukuma mpaka ukingoni, likaanguka na kuzama mbele ya macho ya watu wote. Waliokufa walizidi 30, na watoto walikuwamo. Mwezi wa Aprili 2024 basi lingine lilichukuliwa na maji huko Tula, katika njia ya Garissa, likiwa na abiria kama 50. Hao waliokolewa na watu wa Msalaba Mwekundu. Tofauti ya mabasi hayo mawili haikuwa katika hekima ya kuingia majini.

Watu husema, "Basi ni zito, maji hayawezi kulibeba." Maneno hayo yafaa yapimwe. Chukua gari dogo ambalo tumbo lake lina urefu wa mita 4 na upana wa mita moja na nusu. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya tumbo hilo, yamejaza nafasi ya lita 600, na kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji hulinyanyua gari kwa nguvu ya kilo 600. Yakipanda sentimita 10 nyingine, nguvu hiyo ni kilo 1,200, ambao ndio uzito wa gari lote. Hapo gari halina uzito tena juu ya barabara. Linaelea, na mtoto aweza kulisukuma. Kwa kuwa tumbo la gari dogo liko chini, maji yanayofika magotini mwa mtu mzima yatosha. Basi kubwa la urefu wa mita 10 na upana wa mita mbili na nusu hunyanyuliwa tani mbili na nusu kwa kila sentimita 10. Halihitaji kuelea lote, lapasa tu kuwa jepesi kiasi cha tairi kushindwa kushika, kisha ubavu wake mrefu hufanya kazi ya tanga. Na nguvu ya maji yaendayo haiongezeki kama mwendo wake uongezekavyo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu haiwezi kulionyesha. Maji mekundu ya mafuriko huficha kilicho chini. Daraja lile dereva alivukalo kila siku kwa miaka kumi laweza kuwa halipo, sehemu ya katikati ikiwa imechukuliwa saa moja iliyopita. Kivuko cha saruji kilicholazwa sakafuni mwa mto huweza kumomonyoka upande wa chini, hata gurudumu likitoka nje kwa kiasi cha futi moja, gari lote hupinduka. Nguzo za kupimia kina, zilizowekwa na watu wa barabara katika vivuko vingi, si pambo. Lakini zikiwa zimeng'olewa, dereva hana kipimo. Haifai pia kumtuma kondakta au tanboi aingie kwa miguu apime, kwa maana maji ya kina cha sentimita 15, yakienda kwa kasi, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Watu wa Kitui, Marsabit, Turkana na Garissa wajua tena jambo ambalo wageni wa kutoka Nairobi hawalijui: mto huweza kuja bila mvua. Mbingu ni safi, jua linawaka, mchanga wa laga umekauka, na malori yameegeshwa humo kwa sababu pana kivuli. Mvua imenyesha milimani mbali sana asubuhi. Husikika mvumo kama wa gari la moshi, kisha ukuta wa maji, magogo na mizoga hupita. Si vizuri kupika, kulala wala kutengeneza gari ndani ya laga wakati wa mvua, hata kama wenyeji wachache hufanya hivyo.

Maji ya namna hii kwa kawaida hushuka upesi kama yalivyopanda. Mito mingi midogo ya ukambani hupitika tena baada ya saa chache. Dereva huyajua hayo, na hata hivyo huingia, na sababu mara nyingi si ujinga. Nyuma yake wameketi abiria 40, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana arusi, wa tatu amwambia kwamba dereva wa jana alipita. Mwenye gari amepiga simu mara mbili kuuliza fedha za siku. Gari lingine limekwisha kuingia na kuvuka, na watu wa ng'ambo wanapunga mikono. Katika hali hiyo ni vigumu kijana kusema hapana. Kwa hiyo jambo hili si la dereva peke yake. Abiria anayo haki ya kushuka, na kundi la abiria likishuka lote, dereva hupata udhuru wa kusimama. Mwenye gari naye afadhali aseme mapema, kabla ya masika, kwamba siku ya mto kufurika hatadai hesabu. Neno hilo moja huzuia zaidi ya vibao vyote vya barabarani. Walimu na wazee wa kanisa wanaokodi basi kwa safari ya watoto au ya kwaya wangefanya vema kuuliza mapema njia ina mito mingapi, na kuongeza siku moja katika mpango wao.

Ikitukia gari limezima majini na maji yanapanda, watu wasingoje. Mishipi ifunguliwe, madirisha yafunguliwe mara moja, kwa kuwa mlango ukiisha kusukumwa na maji kutoka nje hauwezi kufunguliwa kwa nguvu za mtu. Watoto watolewe kwanza, nao watu wapande juu ya gari. Kisha simu ipigwe 999 au 112, au kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199.

Kuhusu ukungu, maneno si mengi. Limuru, Kinungi, Timboroa na Mau Summit ndiko uliko mwingi, hasa alfajiri. Dereva mgeni huwasha taa kubwa ili aone mbali, lakini matone ya ukungu huurudisha mwanga machoni mwake, akaona ukuta mweupe. Taa zielekezwe chini. Mwendo uwe ule ambao gari laweza kusimama katika nusu ya umbali unaoonekana, na nusu nyingine imwachie yule anayekuja. Kioo kikifanya ukungu kwa ndani, kwa ajili ya pumzi za watu wengi, dirisha lifunguliwe kidogo au hewa ya moto ipulizwe kiooni. Kukipangusa kwa kiganja huacha mafuta, na usiku mafuta hayo hutawanya mwanga wa taa zinazokuja. Kulipita gari lingine katika ukungu ni mchezo wa kamari. Na lori lililoharibika lisiachwe barabarani bila pembetatu zake za kuonya. Desturi ya kuweka matawi barabarani ni njema pasipo na kingine, lakini wengi huondoka na kuyaacha, pengine pamoja na mawe waliyozuilia magurudumu, na usiku ule mtu wa pikipiki huyakuta.

Baridi ya usiku katika nyanda za juu si kama ya Ulaya, walakini imeua watu kwa njia isiyodhaniwa. Gari limekwama Timboroa, mvua inanyesha, dereva na mwenziwe hufunga madirisha na kuwasha jiko la makaa ndani, au huacha injini ikizunguka ili wapate joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aivutaye huhisi kichwa kizito na usingizi, akalala, asiamke. Katika nchi za theluji hatari ni ileile: theluji huziba bomba la moshi la gari lililokwama, na moshi hurudi ndani. Huko wamezoea kulifukua bomba kwanza kabla ya kuwasha injini, kuiwasha kwa dakika chache tu kila saa, na kuacha dirisha moja wazi kwa upana wa kidole. Wakenya waishio Minnesota na Canada hufundishwa hayo wakati wa baridi yao ya kwanza, tena huambiwa wasiliache gari na kwenda kutafuta msaada kwa miguu katika tufani, kwa kuwa gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu. Hapa kwetu blanketi mbili, chupa ya maji, mkate, tochi na jembe fupi chini ya kiti vyatosha, na jiko libaki nje.

Mwishoni, yako maji madogo ambayo dereva aweza kuyavuka pasipo hatari, kama dimbwi la barabarani au kijito ambacho kina chake kinajulikana na maji yake hayaendi kwa nguvu. Ayavuke polepole katika gia ya kwanza, injini isinyamaze, asitimue mawimbi, kwa kuwa maji yakivutwa ndani ya injini huipinda vyuma vyake. Akiisha kutoka upande wa pili asiondoke mbio. Breki zilizolowa hazishiki, na wengi wamelijua jambo hilo katika kona ya kwanza baada ya mto. Aende mita 100 au 200 polepole huku akikanyaga breki kidogo kidogo zikauke kwa joto lake zenyewe, kisha azijaribu mara moja kwa nguvu mahali palipo wazi, akitazama kama gari lanyoka au lavuta upande mmoja.